Paka kang'olewa meno, bili milioni mbili na laki nane

Majuzi jioni niko jikoni nachambua miiba ya samaki, simu ikaita. Namba ya hapa hapa Leeds, Uingereza, siijui. Ukiishi huku ukaona namba ngeni moyo unaruka: ama mwenye nyumba, ama mambo ya visa, ama kuna mahali unadaiwa. Nikapokea kwa adabu zote. Kumbe nesi. Anauliza Kachori kaamkaje, kala, kajisaidia, maumivu yanapungua? Halafu akaongeza, "Na wewe mwenyewe umepata usingizi? Siku za mwanzo huwa ngumu."

Kachori ni paka.

Nikamjibu vizuri, nikashukuru, nikakata simu, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Kisha hasira zikapanda. Mimi nimepasuliwa kidole tumbo katika nchi hii. Sikatai, walinitibu vizuri na wakati wa kutoka hakuna aliyeniambia nipite dirishani kulipa. Lakini nilirudi na basi, mkono mmoja tumboni, mkono mwingine mfuko wa dawa, na hakuna kiumbe aliyenipigia kuuliza kama nimekula. Baba mdogo alipofariki Tanga nikaomba ruhusa kazini, nikaulizwa, "Mlikuwa karibu sana?" Baba mdogo! Aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza! Safari hii nimesema paka wangu anang'olewa meno, bosi kaweka mkono kifuani. Oo, maskini, fanyia kazi nyumbani wiki nzima, usiwe na wasiwasi. Nikafurahi, na nikaumia vilevile.

Paka mwenyewe sikumtafuta. Alikuwa wa bibi jirani wa ghorofa ya chini, na bibi alipopelekwa kwenye nyumba ya wazee wanawe wakasema kule hawapokei wanyama. Nikamchukua kwa akili zangu za Tanga, kwamba paka ni paka: vichwa vya samaki, makombo ya ugali, na panya akijipitisha ni riziki yake. Huku sivyo. Tangu tarehe 10 Juni 2024 kila paka wa England aliyefikisha wiki 20 lazima awe na chipu chini ya ngozi iliyosajiliwa kwa jina la mwenye paka, ukikaidi faini inafika pauni 500. Kwa hiyo Kachori ana namba, ana anwani, ana faili lenye historia ndefu ya afya kuliko mimi.

Tatizo lilianza taratibu. Anakimbilia sahani kwa hamu, anang'ata mara moja, anaruka nyuma. Akawa anatafuna kichwa kakilaza upande mmoja, udenda unamtoka, na manyoya hajilambi tena. Paka akiacha kujilamba jua kuna jambo.

Ugonjwa wenyewe nilikuwa sijawahi kuusikia. Paka mkubwa ana meno 30, na paka wengi wakifika utu uzima mwili wao unaanza kula meno yake wenyewe. Zile chembe zinazomaliza mizizi ya meno ya utoto zinaamka tena ukubwani na kulimega jino la kudumu. Si kuoza kwa sukari kama kwetu, wala mswaki hauzuii, wala halizibwi. Ni kung'oa tu. Na kwa kuwa uharibifu mwingi umejificha chini ya fizi, lazima apigwe eksirei, na hakuna paka atakayeachama mdomo kwa hiari yake akisubiri eksirei, kwa hiyo nusu kaputi. Na kabla ya nusu kaputi, damu ipimwe kuona ini na figo zinahimili. Unaona bili inavyopanda ngazi?

Meno matatu. Pauni 862.

Nimeisoma ile risiti mstari kwa mstari. Kupima damu. Nusu kaputi, na mtu wa kuisimamia. Dripu. Eksirei. Kung'oa, wanahesabu kwa ugumu wa jino. Dawa za kwenda nazo nyumbani. Mwisho kabisa kodi ya asilimia 20 juu ya yote, maana serikali haioni tofauti ya jino la paka na televisheni. Zidisha mwenyewe kwa elfu tatu na ushee, shilingi za Tanzania kwa pauni moja: milioni mbili na laki nane. Kwetu hiyo ni ng'ombe, tena si mmoja, na chenji ya kumlipa mchungaji.

Bima? Nilikuwa nayo. Bima nyingi za wanyama hapa hazigusi ugonjwa wa meno mpaka uonyeshe kwamba paka alikuwa akikaguliwa kinywa kila mwaka, na faili la enzi za bibi lilikuwa na mapengo kabla hata ya Kachori mwenyewe kuwa nayo. Zipo hospitali za hisani, ila za watu wanaopokea posho ya serikali, na visa yangu imeandikwa wazi kwamba sina haki ya fedha za umma. Ukiwa fukara wa visa hata ufukara wako hautambuliwi.

Msidhani nalalamika peke yangu, Waingereza wenyewe wanalia. Mei 2024 mamlaka yao ya ushindani wa biashara, CMA, ilifungua uchunguzi rasmi juu ya soko la matibabu ya wanyama. Mwaka 2013 kliniki kama moja kati ya kumi ndiyo ilikuwa mali ya makampuni makubwa. Sasa ni karibu sita kati ya kumi. Mlangoni unakuta bado jina la mzee aliyeianzisha, nyuma yake kuna kampuni yenye mamia ya matawi. Unahama kliniki moja kwenda ya pili ukidhani umemkimbia mtu, kumbe ni yule yule kabadilisha kibao.

Sasa kinachonichoma. Mimi mwenyewe nina gego bovu upande wa kulia. Daktari wa meno wa serikali mwaka 2025 kung'oa ilikuwa pauni 75.30, bei ambayo naiweza, lakini pote nilipopiga simu hawapokei watu wazima wapya, labda nijiandikishe nisubiri. Wa binafsi yupo, hata kesho, ukishataja kadi yako ya benki. Na visa yangu nimeilipia ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, za miaka yote kwa mkupuo kabla sijakanyaga. Paka aliyeingia nchi hii kwa kuzaliwa tu aliona daktari wiki ile ile. Tumekaa sofa moja, yeye katibiwa, mimi natafunia kushoto.

Kwa hiyo ninyi mnaonitumia ujumbe kuuliza mje na nini, nisikilizeni vizuri. Achaneni na sufuria, achaneni na blanketi, vyote vipo. Kabla hujapanda ndege nenda kwa daktari wa meno. Ziba, ng'oa, safisha, maliza kila kitu huko huko kwa bei unayoijua. Usisafirishe jino bovu kuja Ulaya. Na yule dalali anayewachukulia hela kwa ahadi ya kazi ya kulea wazee Uingereza, muulizeni kuhusu tarehe 22 Julai 2025. Tangu siku hiyo waajiri hawaruhusiwi tena kuleta watunza wazee wapya kutoka nje. Akibabaika, dai chako mapema.

Turudi kwa mgonjwa, maana hapa ninajisifu na sina aibu. Alirudi jioni bado kalewa, mboni zimepanuka macho yamekuwa meusi tupu, mguu wa mbele kanyolewa mraba mdogo pale palipoingia dripu. Akatembea hatua mbili, miguu ya nyuma ikaenda njia yake. Nikaziba ngazi kwa viti, nikamtandikia khanga kuukuu sakafuni, pembeni mwa hita, nikalala naye chini. Mate yalikuwa na rangi ya damu kidogo. Walishaniambia hilo la kawaida usiku wa kwanza, ila ikichuruzika, rudi. Sikumpanua mdomo kuchungulia. Nyuzi zinayeyuka zenyewe, ukizivuta unafungua kidonda.

Chakula ndiyo kazi. Laini tupu mpaka nyuzi zitulie, kama wiki mbili. Nikamchemshia samaki mweupe bila chumvi, bila kitunguu, bila thomu, maana kitunguu na thomu vinaharibu damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wetu ule msahau. Nikamchambua kwa vidole, nikaponda kwa uma, nikaongeza maji yake ya moto mpaka uji, nikaacha upoe ubaki vuguvugu. Hapo ndipo siri ilipo: paka anakula kwa pua, na chakula kilichotoka kwenye friji hakinuki. Akanusa, akaniangalia, akalamba. Nilipiga kigelegele, jirani akagonga ukuta. Sikujali, kwa sababu paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa mnene kama huyu, mafuta yanavamia ini na hapo unazungumzia bili nyingine kabisa.

Dawa ya maumivu ni ya maji, meloxicam, inakuja na bomba lake lenye alama za kilo. Paka wa kilo nne unavuta mpaka alama ya nne, mara moja kwa siku, akishakula. Huongezi eti kwa sababu unamwonea huruma.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya mama. Nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti ya uchovu?"

"Sijalala, nauguza. Paka kang'olewa meno."

Kimya. Nikafikiri mtandao umekatika.

"Paka gani ana daktari wa meno?"

Nikaeleza. Akasikiliza, akaguna, halafu umama ukamshinda: "Basi mpe nusu Panadol, na umpake mafuta ya karafuu kwenye fizi, atalala."

Jamani, mwenye paka popote alipo, iwe Leeds, Lamu au Muscat: Panadol inaua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja, sumu inaharibu damu, fizi zinageuka rangi ya udongo, na kidonge kimoja kinatosha kummaliza. Mafuta ya karafuu nayo ini lake haliyawezi. Kilichotulea sisi si dawa ya kila mwenye mkia. Mama akasema "Subhanallah," na nikasikia akimwita mtu aondoe kitu mezani.

Bei sikumtajia. Kosa likatendeka kwingine: dada yangu aliona picha ya risiti niliyomtumia rafiki yetu, na kufikia Ijumaa kundi zima la familia linajua. Mjomba kaandika "Allah akubariki" bila kuongeza neno, na mnawajua wajomba wanapoandika hivyo. Mdogo wangu wa kiume ndiye mwenye ulimi: "Dada, hivi nikija kwa miguu minne visa inatoka?" Shangazi akakumbusha kwamba bati za nyumba ya Pongwe zinasubiri tangu Ramadhani.

Nitawajibu nini? Kwamba nimelipa kwa kadi ya mkopo na naimaliza kidogo kidogo? Kwamba usiku wa majira ya baridi, saa kumi jioni kumeshakuwa giza, kiumbe pekee anayekuja mlangoni nikiingia ni huyu? Hawatanielewa, na mimi ningekuwa kule nisingemwelewa mtu wa hivyo.

Leo tulirudi kliniki kukaguliwa. Fizi zimefunga, nesi kampapasa shingo, kasema anaweza kuanza tena chakula kikavu pole pole. Kachori kakinusa hicho kikavu, kakiacha, kakaa mbele ya jiko kunisubiri nichemshe samaki, na samaki mweupe hapa si bei ya kuchezea. Bati nitatuma mwezi ujao nikipata mshahara. Mwambieni mdogo wangu aache kunipigia simu akilia "nyau."