Watu Wengi Katika Mji Huu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Matendo 18:1–11.

Ipo picha ya mchoraji Piet Mondrian iitwayo Broadway Boogie Woogie. Aliimaliza mwaka 1943, na sasa iko katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Mistari ya njano imekatizana juu ya nyeupe, na ndani yake miraba midogo midogo, myekundu, ya buluu na ya kijivu, imebanana kama magari kwenye foleni. Humo hamna mtu hata mmoja. Lakini jiji unalisikia, hasa kwenye njiapanda, ambapo rangi hubadilika ghafla na jicho likakosa pa kutua.

Mondrian alifika New York mwaka 1940, mzee wa miaka 68, akikimbia mabomu ya London. Kwa miaka mingi picha zake zilikuwa na mistari mizito myeusi; katika hii hakuna hata mmoja. Simfanyi mhubiri, maana alilelewa katika nyumba ya Wakalvini (Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Yohana Calvin) wenye msimamo mkali, kisha akashika njia yake. Ila mkimbizi huyu aliufurahia msongamano ambao wengi wetu tungeuogopa.

Paulo aliingia Korintho akitetemeka. Anakiri mwenyewe katika 1 Wakorintho 2:3. Usiku Bwana akamwambia asinyamaze, "kwa maana mimi nina watu wengi katika mji huu." Wengi wao walikuwa hawajaamini bado, naye tayari anawaita wake! Tena Luka, tofauti na mchoraji, anatutajia majina: Akila na Prisila, mafundi mahema waliofukuzwa Rumi, Krispo, mkuu wa sinagogi, na Tito Yusto, ambaye nyumba yake ilipakana na sinagogi lile lile lililompinga Paulo. (Sijui ibada za pale zilisikikaje upande wa pili wa ukuta.)

Mara nyingi tunaliombea jiji kwa kulitazama kutoka juu, kama Mondrian: "Bwana, liguse jiji hili." Si vibaya, ila maombi hayo hayana sura ya mtu. Wiki hii tuchukue mtaa mmoja, au hata jengo moja tu, tuwataje kwa majina wanaoishi humo. Tusiyemjua jina, twende tukamsalimu, tumuulize. Tusiwe na haraka pia: Paulo alikaa Korintho mwaka 1 na miezi 6.