Shilingi elfu moja kwa kila ndege

Hakuna Mtanzania mtu mzima asiyeijua ahadi ya mchango. Harusi ikikaribia, jina lako huandikwa kwenye daftari la kamati, kiasi hutajwa mbele za watu, na tangu siku hiyo mhazini hakupi nafasi ya kupumua. Nilipoanza kusoma habari za mashindano ya kutazama ndege yanayochangisha fedha za kuhifadhi makazi yao, nilitambua kuwa yanasimama juu ya ahadi ya namna hiyohiyo, ila mwahidi hajui atadaiwa kiasi gani mpaka ndege wahesabiwe.

Yanayofahamika zaidi ni yale ya jimbo la New Jersey, Marekani, yaliyoanzishwa mwaka 1984 na shirika la New Jersey Audubon. Hufanyika mwezi Mei, ndege wahamao wanapopita, na timu huwa na saa 24, kuanzia saa sita usiku, za kutafuta aina nyingi kadiri ziwezavyo. Ndege huhesabiwa akionwa au akisikika, na wafadhili hulipa kwa kila aina. Mengine, yaliyoanza mwaka 2014, hufanyika Eilat, Israeli, na fedha zake huenda katika kazi ya kuzuia uwindaji haramu wa ndege wahamao. Hayo ya Eilat yanatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa korongo weupe wanaopita huko ndio hao tunaowaona huku kwetu masika yakikaribia.

Mwaka jana, sisi marafiki wanne wa Dodoma tuliamua kujaribu kwenye bwawa la Hombolo. Watu tisa, wengi wao wafanyakazi wenzetu, waliahidi shilingi 1,000 kwa kila aina. Tulianza usiku wa manane, na wa kwanza kuandikwa alikuwa kirukanjia aliyekaa katikati ya barabara ya vumbi. Wa pili alikuwa bundi, na hapo mzee aliyetupokea alituomba kwa upole tusimtaje kwa sauti karibu na nyumba yake, nasi tukamwandika kimya. Kulipokucha orodha ilikwenda mbio: yangeyange, mwari, mdiria, kwazi aliyelia juu ya mti mkavu, fundichuma, na kwenzi wa kijivu, ambaye ni nadra sana kuonekana nje ya Tanzania.

Aliyetusaidia kuliko darubini zetu zote ni kijana mmoja aliyekua akiwinga kwelea katika shamba la uwele la baba yake. Alitambua sauti ambazo sisi tuliziita kelele za vichakani. Kwake ndege alikuwa mwizi wa chakula kabla hajawa kitu cha kutazamwa, na nadhani mashindano yoyote yatakayofanyika mikoa ya kati bila watu kama yeye yatabaki kuwa matembezi ya watu wa mjini.

Kanuni ya kulipia aina ina kasoro moja inayonisumbua. Heroe mmoja hulipiwa sawa na heroe elfu moja, kwa hiyo timu hukimbilia ndege adimu na kumwacha anayepungua mbele ya macho yao, maadamu bado wamemwona mmoja. Ningependa orodha iandikwe pamoja na idadi, hata kama fedha zinafuata aina, ili mwaka unaofuata kuwe na cha kulinganisha.

Tulihesabu aina 61, yaani kila mwahidi alidaiwa shilingi 61,000. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 na limekuwa likijaa mchanga unaoletwa na maji ya mvua kutoka kwenye ardhi iliyobaki wazi, kwa hiyo tulikubaliana na wanakijiji kuwa fedha zinunue miche ya migunga ya kupanda kwenye makorongo yaliyo juu ya bwawa. (Lugha yetu imempa ndege na bonde lililochimbwa na maji jina moja, jambo lililotuchekesha wakati wa kuandika risiti.) Saba wamelipa, nazo shilingi 427,000 zimekwisha kutumika. Wawili bado. Mmoja wao anashikilia kwamba fundichuma ana mikosi na kwamba yeye atalipia aina 60 tu, na mhazini wetu, ambaye amewahi kukusanya michango ya harusi nne, amekataa katakata.