Siku moja maishani mwangu: kuchukua damu siku ya sikukuu

Saa 12:30 asubuhi. Mizani ya mifuko inahakikiwa kwa jiwe la gramu 500, joto la friji linasomwa (nyuzi 2 hadi 6), vitanda vinafutwa. Watu hudhani kazi yetu ni kuchoma sindano na kungoja mfuko ujae. Kwa kweli sehemu kubwa ni kuitunza damu isiharibike mikononi mwetu baada ya mtu kuitoa.

Sikukuu hutubana kuliko siku zote. Shule, vyuo na maofisi tunakochukulia damu vimefungwa, wachangiaji wetu wa kila mara wamesafiri. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35, hizo zinaweza kungoja. Chembe sahani, zinazozuia mtu asivuje damu, hudumu siku 5 tu. Nazo hazitaki friji: zinawekwa kwenye nyuzi 20 hadi 24 na kutikiswa usiku na mchana zisishikamane. Zilizotengenezwa kabla ya likizo ndefu huisha muda likizo ikiendelea, na mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa kali anazihitaji leo.

Saa 2. Nafungua mlango nikitarajia benchi tupu. Wamekaa watu 6, wamevaa nguo za sikukuu, na hakuna aliyepigiwa simu.

Saa 2 hadi saa 5 ni fomu, uzito (kilo 50 kwenda juu), presha, na tone la kidoleni la kupima wingi wa damu. Mwanamume awe na gramu 13 za hemoglobini kwa desilita, mwanamke 12. Mama mmoja alipata 11.4. Kumrudisha mtu aliyeacha sikukuu yake kunauma, lakini kumtoa damu ni kumpunguzia kile ambacho tayari hakimtoshi.

“Basi nipe kazi, mwanangu,” akasema. “Sirudi nyumbani bure.”

Nikamweka kwenye meza ya vinywaji. Kazi ya meza ile ni kubwa kuliko inavyoonekana: kila aliyetoka kitandani akae dakika 15 na anywe, maana wengine huzimia wakishafika mlangoni.

Kisha akaja kijana wa kitanda cha tatu. Mkono wa shati lake jipya ulibana juu ya kiwiko, nikamwomba autoe kabisa, kwa sababu nguo inayobana inauzuia mkono kama mpira wa pili wa kuufunga. Mshipa ulionekana vizuri, sindano ikaingia mara moja. Dakika ya 4 mizani ikapunguza mwendo. Dakika ya 6 damu ikawa inatiririka kama uzi. Mililita 450 hujaa kwa dakika 8 hadi 10. Zikipita 15, damu imeanza kuganda kidogo kidogo na hatuwezi tena kutengeneza chembe sahani. Ikikatika chini ya 405 ni hasara nyingine, kwa kuwa mfuko umetiwa mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda, na kipimo hicho ni cha 450.

Nikaanza na kilicho rahisi. Bomba halijajikunja. Mpira wa mkononi nikaulegeza, kwani ukikaza mno unazuia hata damu inayoingia mkononi. Nikamwambia afinye kijimpira cha kiganjani kila baada ya sekunde 5. Bado. Mdomo wa sindano ulikuwa umegusa ukuta wa mshipa. Nikaushika mkia wake kwa vidole viwili, nikauzungusha kidogo sana, bila kusukuma ndani. Kuchoma upya hakukuwa njia ya mkato: sindano na mfuko ni kitu kimoja, ukiichomoa mfuko umekwisha. Bomba likawa jekundu lililokoza, mizani ikaanza kupanda. Dakika ya 14 ikalia: mfuko umejaa.

Kijana akainuka haraka. Ni yule mama aliyeona midomo imepauka kabla yangu. Akamshika mabega, akamlaza palepale, nami nikainua miguu yake. Baada ya dakika chache rangi ikarudi. Mama alibaki amemshika mkono, akimnywesha maji kwa vikombe vidogo. Hawakuwa wamejuana.

Gari la kwanza liliondoka saa 8 mchana, maana damu ya chembe sahani inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 8 tangu itolewe. Maabara itapima VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla mfuko wowote haujatoka. Bandiko lina namba, kundi na tarehe. Jina la kijana halimo, na atakayewekewa hatalijua.

Baada ya hapo miguu ilikuwa mizito na saa sikuzitazama tena. Mifuko 19.

Nilipokuwa nakunja vitanda, mama alikuwa bado anafuta meza. Akauliza arudi lini kupimwa. Nikamwambia aanze kwa daktari, ijulikane kwa nini damu imepungua, kisha aje baada ya miezi 3. Akaomba kalamu, akaandika mwezi huo nyuma ya fomu yake.