Mfuko wa magadi

Juzi konda wa basi la Arusha alinipigia simu niende Stendi ya Magufuli nikachukue mzigo wangu. Nilijua ni nini kabla hajamaliza kusema. Huja kila mwaka mwezi huu wa saba: kiroba kidogo kilichofungwa kwa kamba ya katani, jina langu juu yake kwa kalamu nyeusi, limekosewa herufi ileile. Ndani magadi. Hakuna barua wala kikaratasi. Nikimpigia aliyekituma kumshukuru huniuliza kama nimeshapika makande, nasema bado, anacheka, tunaagana.

Mama Junior hataki yakae kabatini, anasema vumbi lake linaingia kwenye sukari. Basi jana nilikuwa nimechuchumaa uani nayavunja kwa mchi niyatie kwenye kopo. Wanaoyajua magadi ya dukani, yale ya kupimwa kwa kijiko, hawaijui harufu hii. Ni kama vumbi lililodondokewa na mvua ya kwanza, na nyuma yake sabuni ya kipande. Ikanipanda puani, nikauacha mchi.

Engaresero, kando ya Ziwa Natron, nilikokuwa mpishi wa kambi ya wageni, mwaka 2007, tarehe 17 Julai, saa kumi na moja jioni na ushei.

Tangu tarehe 12 ardhi ilikuwa haitulii. Siku ya kwanza tulikimbia wote, hadi dereva aliyekuwa bafuni. Kufika siku ya tatu hakuna aliyeinuka kwenye bao. Vikombe vikigongana, mtu anasema "hodi hiyo," mwingine anajibu "karibu," kete zinaendelea. Mimi niliwahadithia habari ya ng'ombe. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa akituambia kwamba dunia imekaa juu ya pembe la ng'ombe, ng'ombe kasimama mgongoni mwa chewa, na chewa yumo baharini. Pembe moja likichoka, ng'ombe huihamishia dunia kwenye pembe la pili, na hapo ndipo nyumba zinapotikisika. Kijana wangu wa jikoni akaniuliza huyo ng'ombe ni wa rangi gani. Kwa Mmaasai swali hilo si utani. Sikuwa na jibu, na bibi alikuwa ameshatangulia.

Macho yetu yote yalikuwa kwa Lengai, mlima wa volkano. Ungemtazama nani mwingine? Amesimama pale kusini, mrefu, amechongoka, kileleni mweupe kama aliyemwagiwa unga, na jina lake lenyewe ni Mlima wa Mungu. Nilishaupanda mara moja, 2005, kubebea wageni chai. Usiku kucha majivu yanakurudisha hatua moja kwa kila mbili, na kulipopambazuka nikaona shimoni kitu kinatiririka cheusi, chepesi kama oili chafu ya gari. Nilitegemea moto mwekundu wa kwenye picha. Mwongozaji akasema ndiyo hiyohiyo lava, hapa haiwi kama ya kwingine, ikikaa siku moja mbili inageuka nyeupe. Nilirudi chini na magoti mabovu na hamu ya kutoupanda tena. Kwa hiyo juma lile la Julai, kila ardhi ilipotikisika, tuligeuza shingo kumtazama yeye. Naye kimya.

Jiko letu lilikuwa la nguzo na nyasi, na kwa ajili ya upepo wa jioni nilikuwa nimelizungushia ukuta wa mawe wa kufika kifuani. Niliupanga mimi mwenyewe mwezi wa tano, bila saruji, kwa mawe ya palepale, yale ya kijivu yenye chembe zinazong'aa. Nilijisifu sana kwa ukuta ule. Kijana alipenda kukaa nyuma yake, upande wa kivulini, na jioni ile alikuwa huko na ungo anachambua mchele wa wageni. Wageni wenyewe, wawili, walikuwa wameenda kwenye maporomoko ya mto. Mimi nilikuwa na makande ya wafanyakazi kwenye mafiga na ndiyo kwanza nimetia magadi.

Kwanza ilikuja sauti. Tuliisikia kabla ardhi haijacheza, mngurumo wa fuso lililoshiba mahindi linalopanda mlima kwa gia namba moja, ila halikuwa barabarani, lilikuwa chini ya visigino vyangu. Makande yalikuwa yameumuka kwa povu, unajua magadi yanavyofanya. Nakumbuka povu lile vizuri kuliko sura za watu wengine niliokaa nao miaka. Punje moja ya mahindi ilipanda nalo, ikazunguka juu polepole, ikatulia. Halafu sufuria ikasogea. Sisemi ilitikisika. Ilisogea, kama mtu aliyeitwa. Ikatoka kwenye figa la kwanza, mchuzi ukamwagikia moto, moto ukalia ukazima, na moshi mweupe ukanijaa usoni. Ng'ambo, ukuta wa Bonde la Ufa ulikuwa unafuka vumbi kutoka juu hadi chini, huku na huku, mawe yanaporomoka, na ajabu ni kwamba mawe yale hayakuwa na sauti kabisa, kwa sababu sauti yote ilikuwa imeshachukuliwa na ule mngurumo. Mbuzi walikuwa wamekaa chini. Wamekaa, kama walioambiwa.

Miguu yangu iliamua. Nilijikuta uwanjani, mwiko mkononi, nimeshapita gari. Nyuma yangu nikasikia gunia la nazi linamwagwa.

Nilipogeuka ardhi ilikuwa imeshatulia. Labda zilikuwa sekunde kumi na tano zote kwa jumla. Ukuta haukuwepo. Ungo ulikuwa umesimama kwa ukingo wake unabiringika peke yake kwenye vumbi, ukazunguka kama sarafu, ukalala. Kijana simuoni.

Hapo katikati sina hesabu ya muda. Kisha nyuma ya lile rundo akainuka mtu mweupe wa vumbi hadi kope, mguu mmoja juu, akanitazama, akasema, "Mchele umemwagika."

Jiwe lilikuwa limemwangukia kidole gumba cha mguu wa kushoto, hilo tu. Mengine yalikuwa yameangukia pale alipokuwa ameegemea dakika moja kabla. Alikuwa amejisogeza kufuata kivuli. Tulimfunga kidole kwa kitambaa cha meza. Wageni walirudi giza limeingia, wamesisimka, wanataka kusimulia. Nikawapikia tambi.

Usiku bosi alikuja na tochi, akaumulika ule ukuta, akauliza nani aliupanga, nikasema mimi. Akauliza kijana alikuwa wapi, nikamwonyesha. Akauliza, "Ulimwita?"

"Nilimwita," nikasema.

Kijana alikuwa ameketi hapohapo kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama kidole chake. Hakuinua kichwa. Hakusema ndiyo wala hapana.

Mwezi ulipoisha niliomba kuondoka, nikasema ni mambo ya nyumbani Same. Kwa hiyo tarehe 4 Septemba Lengai ulipolipuka kwelikweli sikuwepo. Kijana alikuwepo. Aliniambia kwenye simu kwamba majivu yalipanda kama mti, kisha yakashuka kwenye malisho, na watu wakahamisha mifugo. Uliendelea hivyo hadi mwaka uliofuata. Lile shimo nililolikuta 2005 limejaa karibu kufurika, ulilikorogakoroga ukaliacha shimo refu la kutisha. Basi kumbe juma lile ulikuwa unajiandaa, nikasema. Kila mtu alisema hivyo.

Miaka miwili baadaye, Arusha, nilipata kibarua cha kuwapikia wataalamu wa miamba waliokuwa njiani kwenda Natron. Mmoja wao, Mtanzania aliyetokea Dodoma, alinikuta nakanda unga wa chapati. Nikamweleza habari ya Julai, bila kidole. Akachukua donge, akalivuta kwa mikono miwili. Tazama katikati, akasema. Lilikuwa linakonda, linabonyea, na juu yake nyufa zinaanza pembeni. Mkono huu wa kulia, akasema, ni bamba la Somalia, kipande kizima cha gamba la dunia, linaelekea Bahari ya Hindi. Mkono wa kushoto ni bamba la Nubia, Afrika iliyobaki. Zinaachana milimita chache kwa mwaka, mwaka mzima haufikii unene wa kidole. Bonde la Ufa ndilo hapa panapokonda, na penye wembamba ndipo uji wa mawe wa chini unapopata pa kupandia.

Kisha akaniambia jambo ambalo nililipinga mpaka chapati ya kwanza ikaungua. Lile tetemeko la jioni, ukubwa wake 5.9, lililowatoa watu maofisini hadi Nairobi, halikutoka kwa Lengai. Lilitoka Gelai. Gelai! Mlima mfu ulio upande wa pili wa bonde, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeugeuzia shingo. Satelaiti zilikuwa zimeipima ardhi kabla na baada. Ufa mmoja ulikuwa umeteleza taratibu siku kadhaa kimyakimya, kisha magma, ule uji wa mawe, ikajipenyeza chini kwa chini, bapa, imesimama wima kama ukuta, unene unaokaribia mita mbili na urefu wa kilomita kadhaa. Haikutoka nje. Ilijichomeka katikati ya mwamba, ikausukuma huku na huku, ikaanza kupoa hukohuko. Mita mbili, nikawaza, kwa mwendo ule wa milimita. Hesabu za miaka mamia zilizolipwa kwa mkupuo, sisi tuko kwenye bao.

"Sasa Lengai na Septemba yake je?" nikamuuliza. Akasema huenda mtikisiko wa jirani ulimchokoza, lakini hakutaka kuapa. Nilimpenda kwa hilo.

Akaniuliza pia nilichotia kwenye maharage yaliyokuwa motoni, maana yalikuwa yameiva upesi. Nikamwonyesha kopo. Akacheka peke yake. Ile lava nyeusi uliyoiona, akasema, ni ukoo mmoja na hiki. Milima mingine hutema mawe yaliyoyeyuka kwa nyuzi elfu moja na zaidi; Lengai hutema kitu chenye chumvichumvi za magadi, nyuzi mia tano na kitu, hata jiko la mkaa lililopulizwa vizuri linauzidi moto. Hakuna mlima mwingine hai duniani leo unaotema hivyo. Mvua huosha milima ile, chemchemi za moto huongeza zake, vyote huishia Natron, na ziwa lile halina mlango wa kutokea maji. Jua hunywa maji, magadi hubaki. Heroe wanazalia humo, na sisi tunalainishia mahindi. Mpare nimekula makande tangu sijaota meno, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nakula volkano.

Nikayachukua yote hayo na kwenda kumsimulia kijana kwenye simu, donge na mikono na Gelai. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sasa Mpare, ng'ombe ni wa rangi gani?"

Siku hizi yeye amejenga juu kule, upande wa Malambo, ana watoto na ng'ombe wa kutosha. Mimi niko Mbezi. Nikiitazama ramani kwa macho ya yule mtu wa Dodoma, bonde linapita katikati yetu: yeye yuko mkono wa kushoto wa donge, mimi wa kulia. Tangu 2007 tumeachana labda sentimita chache. Ukucha wa kile kidole haukurudi vizuri, aliwahi kunionyesha alipokuja Dar kwa mambo ya hospitali ya mama yake. Alivua kandambili sebuleni kwangu akanionyesha, akacheka, akavaa.

Ninachotaka kusema, na nimekizungukazunguka tangu juu huko, ni hiki. Sauti ya mngurumo ninayo. Moto ukizima ninayo. Mawe yakianguka ninayo, naweza kukuigia sasa hivi. Nikirudi mle ndani kuitafuta sauti yangu mwenyewe ikiita jina lake, siipati. Huenda niliita. Mtu huita bila kujua, na palikuwa na kelele zile. Lakini punje ya mahindi nimeiona, ikazunguka, ikatulia. Mtu mwenye muda wa kuitazama punje ana muda wa kutamka jina lenye silabi tatu.

Jana nilipompigia nilikusudia kumuuliza. Nikamuuliza malisho. Akasema si mabaya. Nikamuuliza mama, nikamuuliza watoto mmojammoja, nikamuuliza kama ardhi inatikisika, akasema kidogo tu, ya kawaida. Akauliza kama nimeshapika makande. Nikasema bado, na sufuria ilikuwa mbele yangu inachemka.

"Usizidishe," akasema. "Ya mwaka huu makali."

Nikatia kipande kama punje ya harage. Povu likapanda hadi ukingoni. Nikapunguza gesi, nikasimama palepale nimeshika mfuniko, na Mama Junior akaniita mara mbili kutoka sebuleni kabla sijamsikia.