Sikilizeni besi, jamani

Jumapili tulikutana tena wale wagonjwa wa miziki ya zamani ya kizungu, kila mtu anakuja na wimbo mmoja, anauweka kwenye sabufa afu anatuambia anaupendea nini. Na kama kawaida akatokea mtu na Bohemian Rhapsody ya Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza. Sawa, wimbo wa 1975, karibu dakika sita, hauna kiitikio, mule ndani kuna bismillah, nani atabisha. Ila sisi wa huku bana, tukitaja tu Queen basi stori inahamia kwa mwimbaji wao Freddie Mercury, kazaliwa Zanzibar 1946, jina lake Farrokh Bulsara, baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza, tukija kumaliza kusimuliana wimbo wenyewe ushaisha na hakuna aliyeusikia.

Kwa hiyo zamu yangu nikaweka Another One Bites the Dust, nao wa Queen, na nikawaambia leo Freddie tumpumzishe, sikilizeni besi, lile gitaa la sauti nzito. Maana aliyeutunga ni John Deacon, yule mpiga besi mkimya ambaye hata wanaojiita mashabiki wa Queen ukiwauliza jina lake wanaanza kuangalia dari. Jamaa alikuwa anawakubali Chic, wale Wamarekani wa disko, na ukitanguliza Good Times yao ya 1979 halafu ukaweka huu wa 1980 unasikia kabisa mpiga besi wao Bernard Edwards kampitisha mwenzie njia gani, ila Deacon kabana zaidi, noti chache, anapiga, ananyamaza, anapiga, na pale anaponyamaza ndo penyewe. Michael Jackson alipousikia akawaambia huu utoeni kama singo, wakautoa, ukaenda kushika namba moja Marekani.

Aliyenifurahisha ni mzee wetu mmoja, mtu wa dansi tangu ujana wake, huwa anakuja kupiga stori tu na kikombe chake cha kahawa, miziki yetu wala haimhusu. Safari hii akaweka kikombe chini. "Hebu rudisha mwanangu, rudisha mwanzo." Nikarudisha. Akasikiliza mpaka mwisho afu akasema, "Kumbe na hawa wanapiga! Mie nilijua rock ni makelele ya gitaa la solo." Unajua watu wa dansi hawasikilizi muziki kwa rundo kama sisi, wao sikio linachambua solo peke yake, rithim peke yake, besi peke yake, ndo maana ukimpata mmoja wa hivyo kwenye kundi hata wimbo uliouzoea miaka yote unausikia upya.

Baada ya hapo kila wimbo ukawa unapimwa kwa besi. Dada mmoja akaweka Dreams ya bendi ya Fleetwood Mac, 1977, na mzee akashangaa kuwa karibu wimbo mzima ni kodi mbili tu (chord za muziki) zinazunguka, besi ya John McVie inatembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika, kumbe mle studio mapenzi yalikuwa yanawafia, McVie na mkewe Christine ndoa imevunjika, wenzao kwenye bendi Stevie Nicks na Lindsey Buckingham wameachana, na wote wanarekodi pamoja. Mie ningehama nchi.

Bendi ya Toto nao waliletwa, Africa ya 1982, na ubishi wa kila siku ukaanza maana mle kwenye maneno ya wimbo Kilimanjaro umewekwa juu ya Serengeti na tuna mtu wa Moshi kwenye kundi, huyo hasamehi, akaanza kututajia njia yote, Arusha, Karatu, Ngorongoro, ndo uje uone Serengeti. Wimbo mtamu lakini. Ule mdundo wa mpiga ngoma wao Jeff Porcaro, ungeniimbia hata kwamba mlima uko Tandika ningekubali.

Mimi nikafunga na You're My Best Friend, bado niko na Deacon wangu, aliouandika kwa ajili ya mkewe. Freddie hakuipenda ile kinanda ya umeme, akagoma kuipiga, Deacon akaipiga mwenyewe. Mtu mkimya lakini kwa mkewe hakutaka mchezo.

Jumapili ijayo mzee anasema na yeye anakuja na wimbo, tena wa kizungu, upi hasemi. Mimi nahisi Kenny Rogers, yule Mmarekani wa country.