Gari la moshi la wastaafu

Mdogo wangu wa kike ameolewa Leeds, na kila nikimpigia simu alikuwa na wimbo mmoja: "Kaka, njoo wakati wa joto. Ukija Disemba utarudi Mombasa ukiwatukana Waingereza bure." Nikamsikiliza, nikaenda mwanzoni mwa Agosti. Shule zimefungwa, jua linazama karibu saa tatu usiku, na Magharibi inaswaliwa wakati ambao kwetu watu washakula na wengine washalala. Watoto wa mtaani wako nje na baiskeli saa mbili unusu za usiku, na hakuna mama anayetoka mlangoni kuwaita.

Kilichonisumbua mwanzoni ni salamu. Watu wa mtaa ule si wabaya, lakini mkipishana mtu anatikisa kichwa, basi, kapita. Habari za nyumbani hakuna, watoto hawajambo hakuna. Nikamwambia shemeji naona kama nimekosana na mtaa mzima. Akacheka, akanichukua jioni hiyo hiyo hadi shambani kwake. Ndiyo, shamba, katikati ya jiji. Halmashauri inakodisha vipande vya ardhi kwa mwaka, kwa yeyote mwenye subira ya kungoja zamu yake, na sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri ziwatafutie watu viwanja hivyo. Kiwanja kizima, kwa kipimo chao cha zamani, ni kama mita 250 za mraba. Shemeji amepanda viazi, vitunguu, na kona moja ya mchicha anaoulinda kama mali ya yatima.

Kiwanja cha pili ni cha mzee mmoja ambaye asubuhi yake alikuwa amenipita barabarani kimya. Nikamuuliza habari za maharagwe yake, yaliyokuwa yamepanda fito za mianzi hadi kunizidi kimo. Loo! Alinisomesha udongo, samadi ya farasi, koa wanaokula miche usiku, na maonyesho ya vijijini ambako watu hushindana nani ana kitunguu kikubwa. Tulipoondoka nilikuwa nimekumbatia rundo la maboga machanga niliyopewa bure, na shemeji anajichekea. "Muulize anachokipenda," akasema, "halafu tafuta pa kukaa."

Jumamosi tukaenda Whitby, mji mdogo wa pwani, dada, shemeji, watoto wawili na mimi. Basi la kwenda huko linatoka Leeds, linapita York na Malton, na siku hizi nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza imewekewa kikomo cha pauni 3. Lakini shemeji alikuwa na mpango wake: tuteremke Pickering, tumalizie kwa gari la moshi. Si treni ya kawaida. Moshi wa kweli, makaa ya mawe ya kweli. Bei ya tiketi ilinifanya nimtazame mara mbili, ila yeye ndiye aliyekuwa analipa, kwa hiyo nikatazama pembeni.

Stesheni ya Pickering imerudishwa ionekane kama ilivyokuwa mwaka 1937, na mabango ya matangazo ya enzi hizo. Reli yenyewe ina umri zaidi ya hapo. George Stephenson ndiye aliyeichora, na ilipofunguliwa mwaka 1836 mabehewa yalikuwa yanavutwa na farasi. Mwaka 1965 serikali ikaifunga, kama ilivyofunga njia nyingi ndogo zisizoleta faida. Wenyeji hawakukubali. Wakachangishana, wakashika makoleo, na mwaka 1973 treni ikapita tena. Mpaka leo wengi wa wanaoiendesha hawalipwi hata senti. Anayekata tiketi, anayepeperusha bendera, anayefuta vumbi viti, wote wameacha nyumba zao na kuja kufanya kazi, na baadhi ya kazi hizo ni za kuvunja mgongo.

Nilikwenda mbele kuitazama injini kabla hatujaondoka. Mzee mmoja mwenye ovaroli la buluu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, alikuwa anasugua bomba la shaba kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. Nikamwambia baba yangu alikuwa mtia moto kwenye treni za Mombasa na Nairobi.

Kitambaa kikasimama. "Garratt?" akauliza.

Nikamjibu ndiyo, zile injini kubwa, zenye matangi ya maji mbele na nyuma.

Basi ikawa kama nimemtajia mchumba wake wa ujanani. Aliniambia zile za daraja la 59 zilitengenezwa Manchester, katika kiwanda cha Beyer Peacock kule Gorton. Zilikuwa 34, kila moja ikizidi tani 250, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, akazitaja kwa majina: Mount Gelai na Mount Shengena. Mimi ninayeishi safari ya usiku mmoja kutoka Nairobi sikuwahi kuingia jumba lile la makumbusho. "Lakini baba yako," akaniambia, na hapa akanyoosha kidole cheusi, "hakupiga koleo. Zile zilichoma mafuta, si makaa." Akaniruhusu nipande nichungulie tanuri. Joto lake lilinipiga usoni nikarudi nyuma, naye akafurahi sana. Nikamuuliza makaa yanatoka wapi. Uso ukabadilika kidogo. Mgodi wa mwisho mkubwa wa chini ya ardhi nchini, Kellingley, ulikuwa humu humu katika jimbo la Yorkshire, nao ulifungwa Desemba 2015. Sasa makaa yanaagizwa ng'ambo.

Njia inapita bonde jembamba lenye msitu, halafu inapanda nyika ya juu ambayo mwezi ule ilikuwa zambarau tupu kwa maua, upeo wa macho. Goathland, kijiji cha njiani, kondoo wanatembea barabarani bila mchungaji na magari yanawangoja. Kati ya Goathland na Grosmont kuna mteremko mkali, kila mita 49 reli inashuka mita moja. Kabla hatujaushuka tulisimama Goathland kuingoja treni ya upande wa pili, iliyokuwa inaupanda, na sauti yake sikutegemea kuisikia tena maishani: pumzi nzito, zinahesabika, moja moja. Nikairekodi kwa simu, kichwa nje ya dirisha, dada ananivuta shati kama mimi ndiye mtoto.

Whitby kumejaa watu. Kuna ngazi 199 za kupanda hadi kanisani na kwenye magofu ya abasia, nyumba ya kale ya watawa. Shemeji na mimi tukapanda, tukatweta, tukashuka. Watoto hawakutaka habari hizo. Wao walikuja kuvua kaa.

Huu ndio mchezo ulionishinda kuuelewa. Familia nzima zinajipanga ukingoni mwa bandari, bibi, baba, wajukuu, kila mmoja na ndoo ya plastiki na kamba yenye kijifuko cha wavu mwishoni. Chambo chao wengi ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Dada alikuwa amebeba vichwa vya samaki kutoka nyumbani. Kaa anashika chambo, unamvuta polepole ukutani, akikaribia juu anajiachia na watu wote wanaguna pamoja. Binti wa dada, ana miaka saba, akapata wanane. Nikaanza kufikiria nazi, ndimu, pilipili mbuzi. Kumbe wanahesabiwa tu, kisha ndoo inainamishwa na kaa wote wanarudi baharini!

"Mjomba, hawaliwi," akanieleza kwa huruma. "Wana familia zao." Nikanyamaza. Haki ya Mungu walikuwa wadogo pia, hata mchuzi wa mtu mmoja usingetosha.

Samaki na chipsi vilikuwa na mtihani wake. Yorkshire maduka mengi hukaangia kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hujui amechinjwa vipi, kwa hiyo dada ana mazoea ya kuuliza kila duka kabla hajatoa pesa. La tatu likatujibu kwamba linatumia mafuta ya mimea. Tukakaa kwenye benchi, chumvi, siki, njegere zilizopondwa. Shakwe mmoja mnene akatua begani kwa shemeji, akachukua chipsi mdomoni mwake hasa, akaenda zake. Mama mmoja wa Kizungu kwenye benchi la jirani alicheka hadi akatoa machozi, halafu akatupa tishu na akaanza kutusimulia shakwe wote waliowahi kumwibia.

Usiku, tumerudi Leeds, nikamtumia Baba video ile ya mlimani. Kwetu ilishapita saa saba, nikajua ataiona asubuhi. Simu ikalia baada ya dakika mbili.

"Nani anatia moto hapo?" Baba akauliza.

Nikamwambia ni wazee wastaafu, wanafanya kwa mapenzi tu.

"Huyo valvu yake inapuliza juu, huisikii? Anamwaga mvuke bure. Sisi tungeitwa ofisini."

Nikajaribu kumtetea yule mtu, sijui kwa nini. Baba hakuwa ananisikiliza. Nilimsikia anaicheza tena video kwa simu ya Mama, na Mama kwa mbali anamwambia azime watu walale.

"Na hiyo kona iliyokatika mwisho," akasema, "kwa nini uliacha kurekodi? Wewe rudi kesho, simama pale pale, unirekodie mpaka ifike juu."