Siku moja na vifaranga 84 na trei 9 za miche

Wanaonifahamu husema "nashinda nyumbani". Ni kweli. Nashinda nyumbani kama askari anavyoshinda getini.

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kuwasha taa nasikiliza kwanza. Vifaranga wakiwa salama mlio wao ni wa chini chini, kama watu wanaosengenya chumba cha pili. Wakipiga kelele kali wote kwa pamoja, ujue baridi imeingia au maji yamekwisha. Leo wanasengenya. Nachungulia ndani ya bruda, kibanda cha joto cha kulelea vifaranga: wametawanyika kote, wengine wamelala wamenyoosha miguu nyuma kama wafu. Mara ya kwanza kuona ulalaji ule nilikaribia kulia. Kumbe ndio raha yenyewe. Wakirundikana chini ya balbu wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wameachama midomo joto limezidi, na wakijibana upande mmoja kuna upepo unapenya mahali. Thamometa ninayo, nimeining'iniza usawa wa migongo yao, inasoma nyuzi 32. Wiki ya kwanza wanataka kati ya 32 na 35, halafu kila wiki unapunguza kama 3. Leo wametimiza siku 7, kwa hiyo kesho balbu inapanda juu kidogo.

Mmoja ana kinyesi kilichogandia nyuma, tundu limezibika. Ukimwacha atakufa, ukikivuta kikavu unamng'oa ngozi. Namshika kiganjani, namlowesha kwa pamba na maji ya uvuguvugu hadi donge lilegee lenyewe. Anapiga kelele kana kwamba namchinja. Namkausha, namrudisha kwenye joto. Nabadilisha maji, naosha vile vikokoto ninavyoviweka kwenye kinyweshea wasizame, naondoa maranda yaliyolowa.

Saa 1. Miche. Trei naziweka kwenye beseni lenye maji kidogo zinywe kwa chini, kisha nazitoa. Zamani nilikuwa namwagilia juu, tena jioni, nikajivunia udongo unaong'aa. Kinyausi, ugonjwa wa miche michanga, kikanifundisha: jioni mche umesimama, asubuhi umelala, shingo imesinyaa pale pale unapotokea udongoni, na hakuna dawa ya kuuinua. Nyanya ziliota siku ya 6. Pilipili leo ni siku ya 11 na bado zinanitazama. Kabichi ziko kwenye kuzoeshwa jua, siku yao ya pili, zinaruhusiwa saa moja tu nje. Nazitoa saa 3 kasoro. Kumbukeni hizo kabichi, maana mimi nilizisahau.

Saa 3. Chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku ambao wengine wanauita mdondo. Kwa siku nzima hii ndiyo kazi ninayoiogopa. Chanjo imekaa kwenye ubaridi tangu ilipotoka dukani, na ukishaichanganya una kama saa 2, baada ya hapo unadondosha maji tu. Mwanangu anashika kifaranga, anamlaza ubavu, mimi nadondosha tone moja jichoni. Humwachii hapo hapo. Unasubiri apepese, tone lizame, ndipo anaingia kwenye boksi la waliochanjwa. Kichupa kinarudi kwenye bakuli la barafu baada ya kila vifaranga kadhaa.

Tumefika wa 19, hodi.

Ni mzee mmoja ninayemheshimu, mkulima wa siku nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua miche ya nyanya na vifaranga 10."

Namwambia niko katikati ya chanjo, kama anaweza kupumzika kivulini nitamhudumia nikimaliza. Anasema hana haraka, ila atazame tu. Anaelekea mlango wa bruda. Na viatu vyake vile vile.

"Mzee, samahani, humo haingii mtu."

"Mimi ni mtu gani? Kuku nimefuga kabla hujazaliwa."

"Najua, mzee. Wako hawajambo?"

Akashusha pumzi. "Wamekwisha. Walianza kupinda shingo, wengine wakawa wanazunguka zunguka, ndani ya siku chache banda likabaki tupu. Ndiyo maana nataka hawa."

Mikono yangu ikaingia ubaridi. Kupinda shingo ndicho kideri chenyewe, na ametoka kwenye banda lile na viatu vile, amesimama hatua 3 kutoka kwa vifaranga 65 ambao hawajapata tone. Na hata wale 19, kinga haijengeki kwa dakika 10. Sasa mwambie hivyo mzee wa watu. Nikaanza na pole, nikaja na ugonjwa unaobebwa na nyayo, na kila nilivyolainisha maneno ndivyo uso wake ulivyokunjamana. "Kwa hiyo mimi ndiye ugonjwa?" Nikasema hapana mzee, ni viatu. Haikusaidia. Mwanangu ndani anaita, "Mama, barafu inayeyuka!"

Nikamsogeza kwenye miche, angalau ile haiugui kideri. Akapita trei nzuri, fupi, zenye mashina manene, akaenda moja kwa moja kwenye ile niliyoitenga, iliyokaa mbali na dirisha ikarefuka kama uzi.

"Nipe hii."

"Mzee, hii imerefuka kwa kutafuta mwanga. Shina halina nguvu."

"Mche mrefu umetangulia wenzake."

Nikampa. Vifaranga sikumpa. Nikamwambia asafishe banda, atupe matandiko yote ya zamani, alipulizie dawa, likae wazi wiki kadhaa, na atakapokuja kuchukua nitamwekea waliokwisha chanjwa. Akaondoka bila kuaga vizuri, na hilo limeniuma kutwa nzima.

Halafu kumwaga dawa pale aliposimama, kubadili nguo na ndala, kunawa hadi kwenye viwiko. Tumerudi kwenye wa 20 saa 4 na robo. Tukadondosha, tukasubiri, tukadondosha. Mgongo ukawa mti mkavu. Wa 84 alipepesa jicho zikiwa zimebaki dakika 8. Nililala chali sakafuni, mwanangu akanicheka.

Ndipo nikakumbuka kabichi.

Ilikuwa saa 5 kasoro. Trei mbili zimelala kama nywele zilizolowa. Nikazivuta kivulini, nikazinywesha kwa chini. Kufika alasiri nyingi ziliinuka, 23 zimekwenda, majani yamegeuka karatasi. Siwezi kumlaumu mzee. Kengele ya simu ipo, sikuiweka.

Mchana sijui ulikwenda wapi. Chakula cha vifaranga mara mbili, kugeuza lundo la samadi, maana mbolea ya kuku mbichi inaunguza mizizi na lazima ioze kwanza. Jua lilipozama nilipita na tochi kwenye tuta la juzi nikawatafuta sota, wale viwavi wanaokata mche usawa wa udongo. Ukifukua kidole kimoja pembeni ya mche uliokatwa, unamkuta amejikunja kama herufi C. Nimekamata 7. Wameenda kwa jogoo mkubwa, na hiyo ndiyo dakika niliyofurahi zaidi leo.

Nikiwa naoga simu ikaita. Mzee.

"Mwanangu, ile miche imelala yote."

"Uipande upya, mzee. Ung'oe majani ya chini, uizike hadi karibu na majani ya juu. Shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi."

Kimya kidogo. "Niizike hadi shingoni?"

"Hadi shingoni."

"Na banda nimeanza kulifagia," akasema, akakata.

Kengele ya vifaranga ya saa 8 usiku nimeiweka. Ya kabichi nayo, mara mbili.